Kuchagua Dawa ya Kusafishia Filamu

Filamu ya picha nyeusi na nyeupe ikiharibika katika dawa, sura ya mzee aliyekwisha fariki hairudi tena. Basi kabla ya kununua dawa yatupasa kujiuliza mambo mawili: twasafisha filamu ngapi, na maji yetu yana joto gani?

D-76, iliyotolewa na Kodak mwaka 1927, ni unga. Hutoa picha laini, lakini ikisha changanywa hudumu kadiri ya miezi 6 katika chupa iliyojaa. Yamfaa mwenye filamu nyingi. Rodinal, iliyoanzishwa na Agfa mwaka 1891, ni ya maji. Isipozimuliwa hukaa miaka, ila chembe za picha huonekana zaidi. Yamfaa asafishaye filamu moja moja.

Kawaida muda wa dawa hupimwa kwa joto la digrii 20 za Sentigredi. Juu milimani Uluguru maji huwa baridi, bali Morogoro mjini huwa ya moto, na dawa hufanya kazi upesi mno. Muda ukipungua dakika 5, picha yaweza kutoka mabaka. Hapo tuizimue dawa zaidi, ili muda urefuke, na chupa tuziweke katika beseni la maji ya mtungini. Kwa hiyo kipimajoto kinunuliwe kwanza, dawa baadaye.