Difu nene kwenye guta kuukuu

Shafti iliyokatika hueleza yenyewe ilivyokatika, mradi uifute grisi kwanza. Kwenye gereji moja hapa Kalangalala, Geita, niliikuta moja juu ya benchi, imetolewa kwenye guta lililokwama likitoka Mgusu na viroba vya mawe. Pale ilipovunjika palikuwa na sura mbili. Sehemu kubwa ilikuwa laini, imefifia rangi, ina mistari ya duara iliyofuatana kama alama ambazo mawimbi ya ziwa huacha mchangani. Sehemu ndogo iliyobaki ilikuwa ya kijivu kinachong'aa, imeparara kama chumvi ya mawe. Kijana mwenye guta alishikilia kwamba shafti imekatika asubuhi ile. Fundi akacheka. "Mwanangu, hii ilianza kukatika zamani. Leo imemalizia tu."

Alikuwa sahihi. Ile mistari ni ufa unaotembea kidogo kidogo kila tairi linapozunguka chini ya mzigo, na ile sehemu yenye chembechembe ni kipande cha mwisho kilichoshindwa kubeba peke yake. Shafti iliyochoka namna hiyo imeuawa na uzito. Ipo nyingine, ambayo meno yake ya mwisho yamejipinda kama kamba iliyosokotwa: hiyo imeuawa na nguvu ya kusukuma, yaani gia ya kwanza, kilima na klachi iliyoachiwa ghafla. Nimeanzia hapo kwa sababu guta likishavunja shafti mara mbili, neno linalofuata mjini ni "difu nene", na watu hukimbilia kununua kabla hawajajua wanatibu ugonjwa gani. Meno yakisokotwa, mara nyingi dawa ni dereva.

Tuelewane kwanza tunazungumzia chombo gani. Guta, ambalo wengine huliita toyo, ni pikipiki ya mbele iliyoungwa bodi nyuma, ina propela inayopeleka nguvu kwenye difu, na difu limekaa katikati ya bomba moja linalobeba matairi yote mawili. Mafundi wetu huliita bomba lote na vilivyomo "difu", nami nitawafuata. Bajaji ya abiria si hivyo: injini yake iko nyuma, na kila tairi lina mkono wake. Haya ninayoandika hayaihusu. Mmoja wa mababu wa vyombo hivi, Ape ya kampuni ya Piaggio ya Italia, ilitoka mwaka 1948 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 125, na ilikusudiwa kubeba kilo 200. Ukiikumbuka hiyo namba utaliangalia kwa huruma guta linalopeleka mawe karasha, yaani kwenye mashine ya kuyasaga.

Maana uzito ndio kesi yenyewe. Dumu la lita 20 za maji ni kilo 20, kwa hiyo madumu 25 ni nusu tani. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Hivyo vinahesabika. Mawe ya dhahabu hayahesabiki kwa macho. Mwamba mzima una karibu tani 2.6 kwa mita moja ya ujazo. Ukishavunjwa na kuachiana nafasi, hushuka hadi tani 1.6 hivi. Chukua bodi ya urefu wa mita 1.5 na upana wa mita 1.1, mwaga mawe hadi kimo cha rula moja ya mwanafunzi, sentimita 30. Tayari una kilo 800 hivi. Bodi bado inaonekana haijajaa, na mwenye mzigo anakuomba uongeze viroba viwili vya kufidia mafuta. Bodi hiyohiyo ikipakiwa mkaa hadi kumpita dereva kichwa inaweza kuwa nyepesi zaidi.

Sasa difu. Yapo ya namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko unene. Namna ya kwanza, shafti inazungusha tairi na pia inabeba uzito wa gari: tairi limefungwa kwenye ncha ya shafti yenyewe. Kila mzunguko shafti inapindwa juu, inapindwa chini, na ule ufa niliouona kwenye benchi huzaliwa hivyo. Namna ya pili, tairi limefungwa kwenye habu inayokaa juu ya beringi mbili, na beringi hizo zimekaa kwenye bomba. Bomba linabeba uzito, shafti inazungusha tu. Difu hili utalitambua kwa kuangalia katikati ya tairi: kuna sahani iliyofungwa kwa bolti kuizunguka, na ukizifungua unaichomoa shafti huku guta limesimama kwa matairi yake. Kwa mtu anayebeba mawe, ningechagua hili hata kama shafti yake ni nyembamba kidogo.

Unene nao una hesabu yake. Nguvu ya shafti hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu. Kutoka milimita 25 kwenda 30 ni milimita tano tu, lakini chuma kikiwa kilekile, nguvu inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Tatizo liko kwenye hilo neno "kilekile". Shafti ya kiwandani imepikwa kwa moto ili iwe ngumu. Ile ya kuchongwa kwenye mashine kutoka kwa chuma chochote kilicholala uani itajipinda mapema, hata ikiwa nene. Tena kama mchongaji ameacha kona kali pale inapotoka unene mmoja kwenda mwingine, ufa utaanzia hapohapo. Kona hiyo inatakiwa iwe na mviringo. Shafti iliyokatika ikachomelewa, tuseme ni chuma chakavu.

Kabla ya kutoa pesa, pima ulicho nacho: umbali kati ya sahani za matairi, umbali kati ya vikalio vya springi, idadi ya matundu ya bolti za ringi na nafasi kati yake, na matundu ya sahani ya propela. Andika kwenye karatasi, uende nayo dukani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 kwenda Mwanza hakuna tena kusubiri kivuko, lakini kurudisha difu lisiloingia bado ni siku nzima imepotea.

Kipimo ambacho karibu kila mtu anakisahau ni uwiano wa gia. Huhitaji kufungua kitu. Zuia tairi la mbele kwa mawe, weka gia huru, inua tairi moja la nyuma na jeki, lingine libaki chini. Chora mstari wa chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi lililo hewani mara mbili kamili, huku mwenzako akihesabu propela. Ni mara mbili kwa sababu tairi la pili limesimama, na difu hugawa mzunguko nusu kwa nusu. Propela ikizunguka mara nne na kidogo, uwiano ni 4.1 hivi. Ukifunga difu la 5.1, guta litapanda kilima kwa raha zaidi, lakini kwa mwendo uleule injini itazunguka karibu robo zaidi. Kwenye lami ya kwenda Katoro itapiga kelele na kunywa mafuta. Ukifunga lenye namba ndogo, klachi ndiyo italipa.

Wapo wanaotaka kufunga difu la Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Linaweza kufaa, na breki zake ni nzuri, lakini lazima lipimwe kwa hayohayo, na liangaliwe linazungukia wapi. Difu likifungwa juu-chini, gia kubwa inahamia upande wa pili wa pinioni na mwelekeo unageuka: guta linabaki na gia moja ya kwenda mbele na zilizobaki zote za kurudi nyuma. Watu hucheka wakisimuliwa. Aliyekwisha kuchomelea vikalio hacheki.

Kuchomelea vikalio vya springi ndiko kunakoharibu madifu mengi mapya. Joto hulivuta bomba likapinda, na bomba lililopinda hula beringi na oili sili kimyakimya. Toa shafti, sili na oili yote kwanza. Shikiza kwa nukta ndogo, pima, kisha chomelea vipande vifupi kwa kupokezana kushoto na kulia, ukiacha chuma kipoe chenyewe, usimwagie maji. Waya wa adhi ubanwe jirani kabisa na unapochomelea. Ukibanwa mbali, umeme utapita kwenye beringi na kuzitoboa vijishimo usivyoviona, utakavyovisikia baada ya mwezi. Betri ifunguliwe. Na usikate wala kuchomelea pale fremu ilipogongwa namba ya chesisi. Namba hiyo iko kwenye kadi ya usajili ya TRA, na ikifutika utakuwa na kazi ya kueleza.

Kunyoosha ni kwa kamba. Guta lina tairi moja mbele, kwa hiyo shika kamba kutoka katikati ya shingo ya usukani hadi mwisho wa difu upande wa kushoto, funga fundo, ihamishie kulia. Fundo lisipofika palepale, difu limekaa mshazari. Guta litatembea kama kaa na kula matairi. Likikubali, kaza yubolti kwa kupokezana. Halafu propela: uma za krosi za ncha mbili zielekee upande mmoja, la sivyo itatetemeka. Pakia mzigo, angalia kama kiungo kinachoteleza bado kina nafasi ya kuingia na kutoka. Difu jipya likiwa nene zaidi, pinioni inaweza kusogea mbele, na propela ya zamani ikawa ndefu.

Breki. Hapa nina ugomvi na baadhi ya gereji. Niliwahi kuletewa guta lenye difu jipya lenye breki za mafuta, likiwa limefungiwa pampu ndogo ya difu la zamani. Pedali ilizama hadi chini. "Itakaza ikizoea," niliambiwa. Haikazi. Breki kubwa inahitaji mafuta mengi zaidi kila unapokanyaga, kwa hiyo pampu iendane nayo, na hewa itolewe mpaka pedali iwe ngumu. Difu linalobeba zaidi huku breki ni zilezile limekupa njia ya kwenda kasi na mzigo usioweza kuusimamisha. Askari wa usalama barabarani anaruhusiwa kukikagua chombo na kukizuia kikiwa kibovu. Bima nayo iulizwe kabla, si baada ya ajali.

Hata hivyo uzito uliokuwa ukivunja shafti haujaondoka. Sasa utatafuta kinachofuata kwa udhaifu: springi, fremu pale inapounganika na bodi, tairi. Kwenye ubavu wa tairi pameandikwa mzigo wake wa juu. Zidisha mara mbili kwa matairi mawili ya nyuma, toa uzito wa bodi na difu lenyewe, kinachobaki ndicho kikomo cha matairi yako.

Jaza oili ya gia, ya 90 au 80W-90, hadi iguse mdomo wa tundu la kujazia guta likiwa limesimama sawa. Tafuta kijitundu cha kupumulia juu ya bomba ukisafishe. Masika yakikiziba kwa tope, difu likipata joto husukuma oili ipite kwenye sili hadi kwenye breki, na wewe utalaumu sili. Siku ya kwanza beba nusu mzigo. Baada ya kilomita kumi simama, weka mgongo wa mkono kwenye kila habu: vuguvugu ni sawa, ikikuchoma, huenda beringi imekazwa mno. Baada ya kilomita 50 kaza tena yubolti na nati za ringi. Oili ya kwanza imwagwe kwenye kilomita 500, ukaiangalie juani. Vumbi laini la kung'aa ni la kawaida, vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha si vya kawaida.

Difu la zamani usiliuze kwa kilo mapema. Mpaka wiki ya pili au ya tatu kuna kipimo utakachotaka kurudia, na kipo pale uani, na vikalio vyake bado vimeshikamana.