Michezo Iliyoanzia Hospitalini

Mwaka jana, siku ya michezo ya shule, darasa letu zima lilikimbia isipokuwa mwenzetu mmoja ambaye haoni. Yeye alipewa kazi ya kutunza nguo zetu chini ya mwembe, wala hapakuwa na mtu aliyemwuliza kama angependa kazi nyingine. Mimi nami nilimtupia shati langu nikaenda zangu. Jioni akaniuliza, "Ndugu yangu, je, mtu kama mimi amepata kushindana mahali popote duniani?" Nikakosa la kumjibu.

Jumamosi yake tulikwenda maktaba kutafuta jibu. Huko iko kompyuta yenye programu inayosoma maandishi kwa sauti. Tukafungua makumbusho ya mtandaoni ya historia ya michezo ya watu wenye ulemavu, ambayo asili yake ni Stoke Mandeville, Uingereza. Makumbusho haya yamekusudiwa watu wote, hata wale wasioona. Katika majumba mengi ya makumbusho vitu hufungiwa katika masanduku ya kioo, na asiyeona hubaki kuongozwa kama mgeni. Lakini mahali ambapo kila picha ina maelezo yake ya maneno, yeye husikiliza kwa mwendo wake mwenyewe. Mwenzangu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Hapa nimeingia kwa mlango wangu mwenyewe." Haya ninayoandika ni baadhi ya tuliyojifunza, nami nimeyaongeza kwa kusoma vitabu.

Kwanza yafaa tujue habari za daktari mmoja, Ludwig Guttmann. Alizaliwa mwaka 1899 katika nchi ya Ujerumani ya wakati ule. Alikuwa Myahudi, na kwa sababu ya mateso ya Wanazi alikimbilia Uingereza pamoja na jamaa yake mwaka 1939. Mwezi wa Februari 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, aliwekwa kuwa mkuu wa sehemu mpya katika hospitali ya Stoke Mandeville, ya kutibu askari waliovunjika uti wa mgongo.

Siku zile mtu aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kama maiti. Wengi walikufa kabla ya miaka miwili kupita. Basi, waliuawa na nini? Mara nyingi si jeraha lenyewe. Mtu asiye na hisia miguuni hasikii maumivu anapolala upande mmoja mno. Ngozi hukosa damu, ikaoza, vidonda vikaingia sumu. Tena kibofu na figo huharibika. Guttmann aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Ni dawa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda, lakini watu wakaacha kufa.

Hapo likazuka swali la pili: mtu aliyeokolewa aishi kwa ajili ya nini? Guttmann hakupenda walale tu wakitazama dari. Akawapa kazi za mikono, kisha michezo. Walicheza polo katika viti vya magurudumu, wakipiga kwa fimbo, lakini mchezo huo ulikuwa wa hatari wakauacha. Upinde na mishale ulifaa zaidi. Kuvuta upinde hutia nguvu mikono, mabega na mgongo, yaani viungo vile vile ambavyo mtu wa kiti cha magurudumu huvitegemea. Tena katika kulenga shabaha aliyeketi aweza kumshinda aliyesimama.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, watu 16 walishindana kwa upinde katika uwanja wa hospitali: wanaume 14 na wanawake 2. Mwaka 1952 walikuja wageni kutoka Uholanzi, na mashindano yakawa ya mataifa. Mwaka 1960 yalifanywa Roma, na wachezaji wapatao 400 walitoka nchi 23. Hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa Michezo ya Paralimpiki ya kwanza. Mwaka 1976, huko Toronto, wasioona na waliokatwa viungo nao wakaingizwa. Lakini haki yataka niseme kwamba viziwi walitangulia wote: wao walikuwa na michezo yao ya mataifa Paris tangu mwaka 1924.

Msomaji asidhani kwamba Afrika haimo katika habari hizi. Margaret Maughan alikuwa mwalimu Malawi, ambayo wakati huo iliitwa Nyasaland, alipoumia uti wa mgongo katika ajali ya gari mwaka 1959. Mwaka uliofuata akashinda medali ya dhahabu ya upinde huko Roma. Yeye hakujua kwamba ameshinda; walikuja kumtafuta akiwa amekwisha kupakiwa katika basi. Mwaka 2012 ndiye aliyewasha mwenge mkuu wa Paralimpiki ya London.

Hapa kwetu Uganda, Tofiri Kibuuka, asiyeona, alikwenda Sweden mwaka 1976 kushindana mbio za kuteleza juu ya theluji. David Emong alipata medali ya fedha katika mita 1500 huko Rio mwaka 2016.

Lakini habari iliyomfanya mwenzangu asimame kitini ni ya Mkenya Henry Wanyoike, aliyepoteza macho mwaka 1995. Mkimbiaji asiyeona hukimbia na kiongozi, nao huunganishwa kwa kamba fupi mikononi. Mwaka 2000, huko Sydney, katika mita 5000, kiongozi wake aliishiwa nguvu karibu na mwisho. Wanyoike hakuweza kumwacha, maana peke yake hangeiona njia. Basi akamkokota, asiyeona akimvuta anayeona, wakafika, na dhahabu ikawa yake.

Tangu hapo mimi na mwenzangu tumeshona kamba ya kitambaa, na kila alfajiri twazunguka uwanja. Siku ya kwanza nilimwingiza katika mtaro kwa kusahau kusema "kata kushoto," tukaanguka sote wawili. Sasa nimejifunza kusema mapema. Shida iliyobaki ni kwamba ana mbio kuliko mimi, na kiongozi asiyeweza kwenda sawa naye ni mzigo.

Kwa hiyo nawaomba walimu watuwekee mbio za kamba katika siku ya michezo ya mwaka huu, na wanafunzi wa zamani wenye miguu myepesi waje wajitoe kuwa viongozi. Ama nguo zetu, tutazitundika wenyewe mwembeni.