Weka Msasa Chini Kwanza

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Marekani, umepata fimbo ya pool ya zamani, kazi ya fundi mwenye jina, na rafiki yako anakushikilia uipige msasa na vanishi mpya ing'ae. Dada yako nasema ngoja.

Kama ingekuwa fimbo ya kawaida ya kiwandani, ya kuchezea kila Ijumaa, ningekwambia ipake upendavyo. Lakini mafundi kama George Balabushka, aliyeanza kutengeneza fimbo Brooklyn mwaka 1959 na kufariki mwaka 1975, hawapo tena. Filamu ya The Color of Money ya mwaka 1986 ilizidi kulitangaza jina lake, na jina likishakuwa ghali, waigaji hawakosekani. Ndiyo maana mnunuzi makini hukagua vanishi ya asili, pete za kwenye maungio, hadi uzi wa kitani wa mshikio. Ukivikwangua hivyo, umemfutia ushahidi, na bei yako inaporomoka.

Ncha ya ngozi badilisha bila wasiwasi, maana hiyo kazi yake ni kulika. Ufa unaoendelea, pete iliyolegea au uzi unaofumuka mpelekee fundi anayezijua fimbo za aina hiyo. Piga picha kabla hajaigusa. Akitoa uzi wa zamani, mwombe akurudishie, uuhifadhi kwenye bahasha.

Kinachonitia hofu hasa ni ule mti wa mbele. Utazame karibu na ncha: umeingia ubuluu, chaki ya miaka na miaka imezama ndani ya mbao. Mkono unawasha kuusugua, najua. Lakini pale unene ni kama milimita 13 tu, na kila msasa unapopita mti unakonda, wala haunenepi tena. Futa kwa kitambaa kikavu, laini. Ubuluu utakaobaki uache, na mikwaruzo ya kitako iache pia, ni ya watu waliocheza kwelikweli.

Usiiache ndani ya gari juani, itapinda.

Halafu chunguza vile vipambo vyeupe. Vikiwa ni pembe za ndovu, usiiuze wala kusafiri nayo kabla hujauliza sheria, maana Marekani ilibana biashara hiyo karibu kabisa mwaka 2016.