Dondoo Muhimu: Kufasiri Istilahi za Kikatoliki kutoka Kihispania hadi Kiingereza

Yampasa mfasiri, kabla ya kuandika neno lolote la ibada, aitazame Misale ya Kiingereza ya mwaka 2011, kwani waumini wamekwisha kuyahifadhi maneno yake, nao hawatayaridhia mengine hata yakiwa fasaha. «Misa de Gallo» asiifasiri kwa jina la jogoo. Kwa Kiingereza ni «Midnight Mass», Misa ya usiku wa manane wa Noeli. «El Santísimo», likitajwa kanisani, aghalabu ni «the Blessed Sacrament», Ekaristi yenyewe, na kulifanya sifa tupu ni kuivunjia ibada hiyo heshima yake. Tena aulize wasomaji ni wa wapi: «párroco» huitwa «pastor» Marekani, na «parish priest» Uingereza.