SOMO KWA MAKATIBU: MAKOSA YA TOVUTI NA VIUNGO VIINGIAVYO

Chama cha msingi chenye tovuti kinayo mali isiyoonekana ghalani, lakini ni mali ya wanachama kama ilivyo mizani ya kupimia mazao. Mnunuzi wa kahawa aliyeko Hamburg au Trieste, akitaka kujua kama chama fulani kipo kweli na kinauza nini, huandika jina lake katika mtambo wa kutafutia kama Google. Jina lisipotokea, au likitokea na ukurasa ukakataa kufunguka, mnunuzi huyo hataandika barua kuuliza kisa. Atamwendea muuzaji mwingine.

Yafaa kwanza katibu azijue namba za majibu. Tovuti huhifadhiwa katika kompyuta iitwayo seva, na kila ukurasa unapoombwa, seva hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Namba 200 maana yake ukurasa umepatikana. Namba zianzazo na 3 humpeleka msomaji kwenye anwani nyingine. Zianzazo na 4 zaonyesha kwamba ombi lenyewe haliwezi kutimizwa, na zianzazo na 5 zaonyesha kasoro ya seva. Kasoro za seva, kama 500 na 503, ni kazi ya fundi. Wajibu wa katibu ni kuandika saa, anwani ya ukurasa na namba iliyotokea, kisha kumpelekea. Taarifa isemayo tu kwamba “tovuti haifunguki” haimsaidii fundi yeyote.

Namba isumbuayo zaidi ni 404, yaani ukurasa haupo katika anwani hiyo. Mara nyingi hutokea baada ya tovuti kujengwa upya na anwani kubadilishwa. Dawa yake ni kuielekeza anwani ya zamani kwenye mpya kwa namba 301, ambayo ni ya uhamisho wa kudumu; 302 ni ya uhamisho wa muda tu. Google hushauri uhamisho huo uachwe mahali pake kwa muda usiopungua mwaka 1. Wako mafundi wavivu ambao huzielekeza anwani zote zilizokufa kwenye ukurasa wa mbele. Hilo si tengenezo, kwani Google huzihesabu kurasa za namna hiyo kuwa hazipo. Ukurasa ulioondolewa pasipo badala yake na uachwe ujibu 404 au 410. Jibu hilo ni la kweli na haliziharibii kurasa nyingine.

Huenda pia ukurasa ukafunguka vizuri lakini usionekane kamwe katika matokeo ya utafutaji. Hapo sharti litazamwe faili liitwalo robots.txt, pamoja na agizo “noindex” ndani ya ukurasa. Mafundi huweka makatazo hayo wakati wa ujenzi, kisha husahau kuyaondoa. Huduma ya Google iitwayo Search Console, ambayo haina malipo, huonyesha kurasa zilizozuiwa na sababu yake.

Sasa kuhusu viungo viingiavyo, yaani viungo vilivyo katika tovuti za watu wengine ambavyo humleta msomaji kwenye tovuti ya chama. Larry Page na Sergey Brin, walioianzisha Google mwaka 1998, walivichukua viungo hivyo kuwa mfano wa ushahidi: ukurasa unaotajwa na kurasa zenye heshima huhesabiwa kuwa na heshima. Wanaushirika hawana haja ya kufundishwa jambo hili, maana mkopo hautolewi kwa udhamini wa mpita njia.

Palipo na thamani hapakosi walanguzi. Watu walianza kuuza viungo kwa maelfu. Mwezi Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza jinsi viungo vya kulipiwa vilivyolipandisha duka la J. C. Penney la Marekani katika matokeo ya utafutaji, na Google ikalishusha. Aprili 2012 Google ilileta utaratibu ulioitwa Penguin wa kuadhibu hila hizo. Tangu Septemba 2016 utaratibu huo hufanya kazi wakati wote, na kwa kawaida viungo vibovu hupuuzwa tu. Kwa hiyo katibu akiona viungo vya ovyo asivyovijua, asitaharuki. Faili la kuvikana viungo, huduma iliyotolewa Oktoba 2012, litumike tu iwapo viungo vilinunuliwa kweli, au iwapo Google imetoa onyo la adhabu. Akikosea orodha, chama kitawakana mashahidi wake wema.

Iliyo bora ni kuomba viungo kwa wale wanaokijua chama: Chama Kikuu, mnunuzi, mkaangaji wa kahawa, kituo cha utafiti. Kisha katibu afungue taarifa ya viungo katika Search Console, aone ni kurasa zipi za chama zinazotajwa, na ajaribu kuzifungua moja moja. Kiungo kutoka kwa mnunuzi kinachoishia kwenye 404 ni ushahidi uliopotea, na uhamisho mmoja wa 301 waweza kuurudisha siku hiyo hiyo.

Hasara kubwa kuliko zote hutokana na ada ndogo isiyolipwa. Jina la tovuti likiisha muda na kuachiliwa, mtu yeyote aweza kulisajili. Wako wanaoyasaka majina ya namna hiyo kwa sababu ya viungo vyake, wakayageuza kuwa ya kamari, na mnunuzi akifuata kiungo chake cha zamani atajikuta humo. Mwezi Machi 2024 Google iliitaja desturi hiyo waziwazi katika makatazo yake, lakini makatazo hayo hayakirudishii chama jina lake. Kamati na ihakikishe kwamba jina limesajiliwa kwa chama, si kwa karani wala fundi. Kwamba barua za kukumbusha ada hufika katika anwani ya ofisi. Na kwamba nenosiri na tarehe ya malipo vimo katika orodha ya makabidhiano, ili katibu mpya avipokee pamoja na muhuri na funguo za ghala.