Somo la Wiki: Kupima tofauti kabla ya kutoa fedha

Wafugaji wa kuku wa mayai na wenye maduka ya pembejeo huletewa karatasi zinazodai kwamba chakula kipya kimeongeza utagaji kuliko cha zamani. Wastani wa vyakula viwili huwekwa sambamba, na mnunuzi hutakiwa kuagiza magunia. Karatasi hizo hazisemi kama tofauti imeletwa na chakula au ni bahati ya kuku waliochaguliwa.

Njia ya kujua ilitoka kiwandani. W. S. Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, alishughulika na shayiri na mara nyingi alikuwa na vipimo vichache mno. Mwaka 1908 alichapisha, kwa jina la bandia "Student", hesabu ambayo leo huitwa jaribio la t.

Mfano mmoja aliotumia ulihusu wagonjwa 10 waliojaribu dawa mbili za usingizi, kila mmoja akizitumia zote kwa zamu. Ya kwanza iliongeza usingizi kwa wastani wa saa 0.75, ya pili saa 2.33. Tofauti ni saa 1.58.

Anayepiga hesabu kana kwamba hayo ni makundi mawili ya watu tofauti hupata t ya 1.86, wakati jedwali linadai 2.10. Hana ushahidi. Lakini watu ni wale wale! Basi ichukuliwe tofauti ya kila mgonjwa peke yake. Wastani unabaki 1.58, na mkengeuko sanifu ni 1.23. Gawa 1.23 kwa kipeuo cha pili cha 10, upate 0.389; kisha 1.58 kwa 0.389, upate 4.06. Kwa jozi 10 jedwali linadai 2.26 tu. Bahati tupu ingetoa jibu kubwa namna hiyo chini ya mara 3 katika 1,000.

Takwimu ni zile zile, majibu mawili. Watu hutofautiana sana kwa usingizi, na kulinganisha mtu na nafsi yake huondoa kelele hiyo.

Mgonjwa mmoja, hata hivyo, alikuwa na tofauti ya saa 4.6, na hakuna mwingine aliyezidi 2.4. Namba ya aina hiyo huvuruga jaribio la t, kwa hiyo inafaa kuhesabu ishara pekee: 9 walilala zaidi kwa dawa ya pili, mmoja hakuona tofauti. Shilingi ikirushwa mara 9, nafasi ya kuangukia upande mmoja mara zote ni 1 katika 256. Hesabu hii haihitaji hata jedwali.

Vifaranga waliokufa na waliopona hawana wastani wa kulinganisha. Hao huhesabiwa kwa jaribio la kai-mraba.

Kwa mayai, kosa linalowagharimu wengi ni kuhesabu kuku badala ya banda. Kuku 500 katika mabanda mawili, kila banda na chakula chake, ni vipimo 2, si 500. Huenda banda moja linavuja. Afadhali mabanda kadhaa, kila moja likatwe katikati kwa wavu, nusu hii ile chakula kipya na nusu ile cha zamani. Hapo jozi zinapatikana.

Na tofauti ikithibitika, bado mfugaji atazame bei ya gunia. Mayai yaliyoongezeka kweli yanaweza kushindwa kulipa nyongeza hiyo.