Mbwa Mkubwa Getini: Kijitabu kwa Wanaofuga Boerboel

Boerboel ni mbwa wa wakulima wa Afrika Kusini. Walimzalisha alinde nyumba na mifugo huko mashambani, ambako jirani yuko mbali, hata ukipiga yowe hasikii. Dume aliyekomaa huzidi kilo 60. Siku hizi wapo Afrika Mashariki pia, wakilinda nyumba za mijini. Mengi ya humu yanawahusu vilevile Rottweiler, German Shepherd na machotara wao.

Kumfungia hakumfanyi mlinzi

Kwa wakulima wale, mbwa huyu alishinda na watu. Aliwajua watoto, vibarua na wageni wa kila wiki, ndiyo maana aliweza kumtambua asiyestahili kuwapo. Sisi wengi hufanya kinyume: mbwa anafungiwa bandani tangu alfajiri ili "awe mkali", anafunguliwa usiku, na hakuna anayemgusa isipokuwa anayemletea chakula. Ukali ataupata kweli, ila atamng'ata dada wa kazi aliyetoka kuanika nguo, au mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Hajafundishwa kutofautisha.

Pilipili kwenye chakula ili awe mkali humuunguza tumbo tu. Bangi ni sumu kwake. Wanaoshauri mambo haya hawatakuwapo siku utakapomlipia matibabu mtu aliyeng'atwa.

Mzoeshe watu, magari na kelele angali mdogo, hasa kabla ya kufikisha miezi minne. Mfundishe kuja akiitwa, kukaa, na kuacha kitu akiambiwa aache. Mfundishe pia kutokula cha mgeni, kwani wezi wanajua kurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Mbwa mwenye njaa haambiliki mbele ya nyama, kwa hiyo fundisho hilo linaanzia kwenye sahani yake mwenyewe.

Chakula

Ugali na maji ya dagaa humshibisha, lakini havimjengi mwili. Anahitaji protini kila siku: dagaa wenyewe, mayai, nyama, maini mara mojamoja. Mifupa iliyopikwa usimpe, maana huvunjika vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Vitunguu na chokoleti pia vina sumu kwake.

Mtoto wa Boerboel huendelea kukua hadi karibu miaka miwili, na wenye mbwa hupenda kumnenepesha haraka ili atishe. Uzito huo huangukia viungo ambavyo havijakomaa, hasa nyonga. Vidonge vya kalsiamu bila ushauri wa daktari huharibu mifupa badala ya kuiimarisha. Aonekane mwembamba kidogo. Kifua kitakuja chenyewe.

Hatari inayoua mbwa wakubwa kwa saa chache ni tumbo kujaa gesi kisha kujipinda. Anahangaika, anajaribu kutapika bila kutoa kitu, mate yanamtiririka, tumbo limevimba na kukaza. Hapo usimpe mafuta wala maziwa, wala usingoje kupambazuke. Ni kazi ya upasuaji, kwa hiyo namba ya daktari wa mifugo anayefika usiku iwe kwenye simu yako tangu leo. Ili kupunguza hatari, gawa chakula mara mbili kwa siku na umwache apumzike baada ya kula.

Kupe, minyoo, joto

Mkague kila siku masikioni na katikati ya vidole. Kupe huleta magonjwa ya damu: homa, fizi kupauka, wakati mwingine mkojo wa rangi ya chai nzito. Dawa ya kuogesha ng'ombe isitumike kwa kukisia, kwani kipimo kisicho sahihi huua mbwa. Dawa ya minyoo apewe kwa ratiba ya daktari. Mchana apate kivuli na maji safi; mwili mkubwa haupoi upesi.

Akimng'ata mtu

Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari anavyoelekeza. Cheti kitunze.

Hata kama mbwa amechanjwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya meno. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu, kwa sababu dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Anayepata chanjo mapema hukingwa.

Watu wakimzingira mbwa kwa mawe, wazuie. Afungwe mahali salama, bwana mifugo aarifiwe, na aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima, hakuwa akiambukiza kichaa alipong'ata. Lakini majeruhi asisubiri siku hizo ziishe. Aanze chanjo, na daktari ataamua kama isimamishwe. Gharama za hospitali ni za mwenye mbwa, na ni vyema uende nyumbani kwa aliyejeruhiwa mwenyewe, usitume mlinzi.